Kifafa cha Nani, Dawa ya Nani

Watu wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani, wakisikia kwamba nimeuguza wawili katika ukoo wetu, huniuliza swali lilelile: dawa ipi ni nzuri? Wengine hunitumia picha ya pakiti kwa simu. Wao wameandikiwa hii, jirani anatumia ile, na dukani wameambiwa kuna nyingine mpya ya bei kubwa ambayo ndiyo yenyewe. Nami hujibu kwa kuwauliza wao. Anaangukaje? Huanguka saa ngapi? Ana umri gani? Ni mwanamke anayetarajia kuzaa? Kuna dawa nyingine anazotumia? Na duka la karibu nanyi lina nini mwezi huu, na mwezi uliopita lilikuwa na nini? Wengi huona ninawazungusha. Siwazungushi. Nimeiona dawa moja ikimwinua mtu na ikimwangusha mwingine, na wote wawili walikuwa na cheti kilichoandikwa neno hilohilo, kifafa.

Wa kwanza kumuuguza alikuwa mjomba wangu, mtu wa Mahenge, kule juu ya bonde la Kilombero. Kwa sisi wa huko kifafa si habari ya kusimuliwa. Ni nadra kukuta ukoo ambao hauna mtu wake. Siku hizi wataalamu wanaeleza sehemu kubwa ya wingi huo kwa usubi, ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, na ndiyo maana dawa ya Mectizan hugawiwa vijijini. Zamani maelezo yalikuwa mengine. Mgonjwa alikula peke yake, kwa sahani yake na kikombe chake, kwa kuwa watu waliamini mate na povu lake huambukiza. Akiangukia motoni, mkono wa kumvuta ulisita. Mjomba ana alama ya kusita huko: vidole vitatu vya mguu wake wa kushoto vimeshikana na kuwa kama kimoja, ngozi imejikunja na kung'aa, na kiatu cha kufunga hakijawahi kumkaa.

Kilichomwokoa ni fenobabito. Daktari Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mnamo mwaka 1960, na mwaka 1965 akachapisha maelezo yake kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro. Dawa aliyoitegemea zaidi ni hiyo. Mjomba alikuja kuipata miaka mingi baadaye, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa: watu walikuwa wamewaona majirani zao wakinyanyuka. Alimeza tembe zake ndogo nyeupe mara moja kwa siku, usiku baada ya ugali. Fenobabito huchukua siku kadhaa kupungua mwilini, kwa hiyo haidai kumezwa mara tatu. Kwa mkulima anayeondoka alfajiri na kurudi jioni, jambo hilo si dogo. Alilima, akaoa, akasomesha watoto. Asubuhi alikuwa mzito, maneno yakimtoka polepole, na shangazi, mkewe, alijifunza kutompa habari nzito kabla jua halijapanda. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, naye aliiona ni nafuu.

Dawa hiyo ni kongwe. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake fenobabito kama dawa ya usingizi, akagundua kwamba kuanguka kumepungua. Imepita zaidi ya karne moja, na bado inatumika; kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani liliitaja kuwa ya kuanzia pale fedha na vipimo vilipo haba, maana tiba ya mwaka mzima inaweza kugharimu kama dola 5 tu za Marekani. Wapo wanaoidharau kwa sababu ya bei hiyo hiyo. Ningependa wausome utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1991 katika jarida la Lancet. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, hawa fenobabito, wale kabamazepini, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikisifiwa. Katika miezi sita ya pili ya tiba zaidi ya nusu yao hawakuanguka kabisa, na kati ya dawa hizo mbili haikuonekana tofauti ya maana. Wagonjwa hao walikuwa watu wa kwetu, wa vijijini na miji midogo, wakitibiwa katika mazingira tunayoyajua.

Lakini fenobabito ina ukali wake. Watoto wengine haiwalazi bali huwachangamsha kupita kiasi, hawatulii darasani, wanapiga wenzao, na mwalimu anadhani ni utundu. Na kwa kuwa ni dawa ya usingizi inayodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kuiagiza kuna vibali na makaratasi mengi kuliko dawa ya minyoo. Vibali vikichelewa, rafu inabaki tupu.

Ilibaki tupu kwa mjomba pia. Zahanati aliyokuwa akichukulia dawa iliishiwa, mhudumu akamwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa vilevile. Mtu aliyezoea dawa hii akiikata ghafla, kifafa hakirudi pale kilipokuwa, hurudi na hasira. Mjomba alianguka alfajiri, na kabla fahamu hazijamrudia akashikwa tena, kisha tena. Shangazi alijua kwamba kuanguka kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache, na huku kulikuwa hakupiti. Wanaume walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani. Hospitalini walimchoma diazepamu kwenye mshipa, na kuanguka kukakoma. Aliishi. Kwa majuma kadhaa hakuweza kulikumbuka jina la mtoto wake wa mwisho.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha dawa za kifafa, kigezo changu cha kwanza hakiandikwi kwenye karatasi za kampuni: je, itapatikana mwezi ujao, na ule unaofuata? Dawa nzuri inayokatika ni hatari kuliko dawa ya wastani isiyokatika. Nyumbani kwetu huweka akiba ya mwezi mmoja mbele, kwenye kopo la bati, mbali na watoto.

Wa pili ni mdogo wangu, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kifafa si ugonjwa mmoja.

Alikuwa sekondari, bweni, umri wa miaka kumi na mitano. Asubuhi vitu vilimponyoka. Kikombe cha uji, mswaki, kitana. Mkono uliruka wenyewe, mara moja, kama umeguswa na waya wa umeme, na uji ukamwagika kwenye sare. Matroni alimwadhibu kwa uzembe. Yeye mwenyewe hakumwambia mtu, maana dakika chache baadaye alikuwa mzima kabisa. Kisha, karibu na mitihani, alikesha usiku mzima akisoma, na alfajiri akaanguka mstarini mbele ya shule nzima, akajiuma ulimi, akajikojolea. Nadhani aibu ya siku ile ilimuumiza kuliko ulimi.

Kliniki tuliyoanzia, ile ya afya ya akili ambako kwetu wagonjwa wengi wa kifafa huhudumiwa, ilimwandikia kabamazepini. Haikuwa ajabu. Ilikuwa stoo, inajulikana, na imewasaidia maelfu. Hakuna aliyeuliza habari za kikombe. Kuanguka kulipungua kidogo, lakini mikono sasa iliruka kila asubuhi, mara nyingi mfululizo, hadi akawa anakunywa chai kwa kukiegemeza kikombe mezani na kukiinamia kama mtoto. Tuliporudi, dozi ikaongezwa. Mikono ikazidi.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu tuliyempata baadaye Dar es Salaam alianza na swali moja, kabla hata hajafungua daftari la kliniki.

"Asubuhi vitu vinakudondoka?"

Mdogo wangu aliniangalia. "Dada, nimwambie?"

"Mwambie daktari yote."

Akaeleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akatuandikia kipimo cha umeme wa ubongo, na majibu yakaafikiana na alichokishuku: kifafa cha ujana cha mishtuko ya misuli, kinachoanza umri wa kubalehe, kinachopenda asubuhi, kinachochokozwa na kukesha. Akatueleza kwa subira kwamba kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo na kingine kinachowaka pande zote mbili kwa pamoja. Kabamazepini ni dawa nzuri ya kile cha kwanza. Kile cha pili, hasa chenye mishtuko ya misuli au kuduwaa kwa watoto, inaweza kukichochea. Dawa ile haikuwa mbovu, wala haikuwa bandia kama mama alivyokuwa ameanza kushuku. Ilikuwa imepewa kifafa kisicho chake.

Nisimwache msomaji aichukie. Kwenye benchi la kliniki ile tuliyoanzia tulizoeana na kijana dereva wa bodaboda aliyeumia kichwa katika ajali. Yeye hakuwa akianguka. Alikuwa anakatika: anakodoa macho, anatafuna mdomo mtupu, anavuta vuta kifungo cha shati, kisha dakika moja baadaye anauliza mmefikia wapi. Kwake kabamazepini ilikuwa kama kufunga mlango. Ilianzishwa kidogo kidogo, ikapandishwa, na kukatika kukaisha. Alichoonywa ni mambo mengine. Akitokwa vipele au vidonda mdomoni katika majuma ya mwanzo aache mara moja na kukimbilia hospitali. Na kwa kuwa dawa hiyo hulichangamsha ini hadi likasaga dawa nyingine upesi kuliko kawaida, asinywe kitu kipya bila kusema anatumia nini. Fenobabito na fenitoini zina tabia hiyohiyo. Zinaweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti, na zinaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za VVU. Ni wanawake wangapi wamepata mimba wasiyoipanga wakaambiwa wamesahau kumeza, wakati hawakusahau?

Fenitoini niliijua kupitia msichana mwingine wa benchi lile, aliyezungumza akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Fizi zake zilikuwa zimekua zikafunika nusu ya meno, na nywele laini zilikuwa zimeota shavuni. Dawa hii inatumika tangu mwaka 1938, Merritt na Putnam walipoonyesha Marekani kwamba inazuia kifafa bila kumlaza mtu, na kwa hilo ilistahili sifa zake. Ila ina hila moja ambayo kila anayeitumia aijue: dozi ikishafika karibu na kiwango chake, nyongeza ndogo tu huifanya damu ijae dawa kupita kiasi. Mtu anayumba kama mlevi, macho yanacheza, na jirani anasema ameanza pombe. Kwa msichana yule haikuwa chaguo zuri, hata kama haanguki. Kifafa kilishamnyima shule. Tiba isingepaswa kumnyima na uso.

Mdogo wangu alihamishiwa valproeti. Ilikuwa kama kuzima swichi. Nimesoma baadaye kwamba Mfaransa Pierre Eymard aliigundua nguvu yake mwaka 1962 bila kuitafuta, kwa sababu ilikuwa ni maji tu ya kuyeyushia dawa nyingine alizokuwa akizipima. Kwa kifafa cha aina ya mdogo wangu hakuna iliyoishinda hadi leo. Uingereza wamelinganisha mara mbili katika tafiti kubwa, moja ikachapishwa mwaka 2007 na nyingine 2021. Kwa kifafa cha pande zote valproeti ilizishinda nyingine, hata levetirasetamu ambayo ni mpya na ya bei. Kwa kile cha sehemu moja, lamotrijini ndiyo iliyoongoza. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mpya ni bora, mwulize ni bora kwa kifafa kipi.

Uji ukanyweka. Akamaliza shule. Alinenepa, nywele zilipukutika kiasi cha kubadilisha mtindo wa kusuka, na vidole vilitetemeka kidogo akishika sindano ya cherehani. Alivumilia. Kisha akaleta mchumba, na sote tukafurahi, na daktari akatuita.

Mazungumzo hayo nayakumbuka kwa heshima, maana daktari hakuficha kitu. Alisema: mama anayetumia valproeti, kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, mgongo wazi, mdomo sungura au tatizo la moyo, wakati kwa akina mama wengine ni kama 2 au 3 kati ya 100. Na hata mtoto anayezaliwa mzima, 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Madhara huanza majuma ya mwanzo kabisa, kabla mama hajajua kwamba amebeba. Kwa hiyo kusubiri mimba iingie ndipo dawa ibadilishwe ni kuchelewa, na kuiacha ghafla kwa hofu ni kumwua mama.

Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hii hawakuniambia nilipoanza?" Nilikasirika kwa niaba yake. Msichana akishavunja ungo, habari hii ni haki yake siku ileile anayoandikiwa dawa. Isingojee uchumba. Wengi hawaleti mchumba kliniki.

Zikabaki dawa mbili za kuhamia. Lamotrijini ni salama zaidi kwa mtoto tumboni, haimlazi mtu wala haimnenepeshi. Lakini lazima ipandishwe polepole kwa majuma mengi, kwa sababu ikikimbizwa inaweza kuleta vipele vya kubabua ngozi, na akiwa bado ana valproeti mwilini mwendo uwe wa polepole zaidi. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni huishusha sana kwenye damu. Na mishtuko ya misuli, kwa baadhi ya watu, huizidisha. Levetirasetamu haigombani na dawa nyingine, inaanza kazi mapema, na rekodi yake kwa wajawazito ni nzuri. Kasoro yake ni bei, na hasira: wapo wanaobadilika wakawa wakali au wenye huzuni ambayo si yao.

"Sikudanganyi," daktari alimwambia. "Kwa nguvu peke yake, hiyo unayotumia inazishinda zote mbili. Unayeamua ni wewe."

Akachagua levetirasetamu. Ikaongezwa ya pili huku ya kwanza ikipunguzwa kidogo kidogo, akaanza foliki asidi, harusi ikasogezwa mbele. Majuma ya mwanzo alitugombeza sote. Alimfokea mama, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, kisha akalia. Tulikuwa tumeonywa, kwa hiyo tulijua anayefoka ni nani. Hali ikatulia. Mkono huruka mara mojamoja akilala vibaya, na yeye husema anaukubali mkono huo.

Si kila mtu hupata dawa yake. Kwan na Brodie, waliowafuatilia wagonjwa 525 huko Glasgow na kuchapisha mwaka 2000, waliona karibu nusu wakitulia kwa dawa ya kwanza, wachache zaidi kwa ya pili, na baada ya hapo nafasi ikawa finyu sana. Theluthi moja hivi hawakutulia. Watu hao wanahitaji kupelekwa kwa bingwa mapema ili aangalie kama utambuzi ni sahihi au kama kuna kovu la ubongo linaloweza kufanyiwa upasuaji. Kuongezewa tembe juu ya tembe mwaka hata mwaka hakuwasaidii. Nimewaona wazee wa dawa nne, wamelewa mchana kutwa, na bado wanaanguka.

Mtoto wa mdogo wangu ana miezi kadhaa sasa. Wakati wa ujauzito dozi ilipandishwa, kwa kuwa mwili wa mjamzito huiondoa levetirasetamu haraka kuliko kawaida, na baada ya kujifungua ikashushwa tena kwa hatua. Ananyonyesha, daktari ameridhia. Tunachoogopa zaidi ya dawa ni usingizi, maana kifafa chake hakisamehe kukesha. Kwa hiyo mume wake analala upande wa mtoto na kumlisha usiku maziwa yaliyokamuliwa jioni, na mama yetu amehamia kwao kwa muda. Mtoto hubadilishwa nepi kwenye mkeka chini, hapandishwi mezani. Haogeshwi na mama yake akiwa peke yake, na mama hambebi mgongoni akiwa jikoni kwenye moto. Kliniki ijayo watazungumzia uzazi wa mpango. Kwa dawa anayotumia sasa, kijiti kinamfaa.